Hita ya Lori la Kailemia

Huko Timau, ambako mlima huamka umejifunika ukungu na ng'ombe hutoa mvuke puani kama birika, lori la Kailemia lilijulikana kwa jambo moja: mbele kwake kulikuwa na joto. Lilikuwa lori kuukuu la Kiingereza, pua ndefu, taa za mviringo, na hita yake haikuzimika kamwe. Asubuhi za Julai, mkulima asiye na hata gunia moja la viazi alisimama barabarani akaomba lifti hadi soko la Gakoromone, apate tu kuketi mbele apashe magoti moto.

"Hii hita huizimi?" walimuuliza.

"Ya nini kuizima? Mimi naipenda hivyo," alijibu Kailemia.

Ukweli ni kwamba vali ya hita ilikuwa imekwama. Vali yenyewe ni kidude cha shaba, hakizidi yai kwa ukubwa, kinachokaa kati ya injini na kebini kikiamua maji ya moto yapite au yasipite. Hii yake ilikabwa na kutu ikiwa wazi, na kila alipojaribu kusukuma kishikio cha kwenye dashibodi, waya ulijikunja tu kama mnyoo. Fundi mmoja wa Meru alimshauri aiondoe, aunganishe mipira ya maji moja kwa moja, asahau mambo ya hita. Kailemia akawasha lori akaondoka kama mtu aliyeambiwa amkate mwanawe sikio. Na kwa kuwa safari zake zote zilikuwa za alfajiri, kwenye baridi, kasoro ile ikageuka sifa. Sifa nani huipeleka gereji?

Kisha binti yake Kiende akapata mchumba, mwalimu aitwaye Munyi, mtu wa Kiritiri. Kiritiri ni Mbeere: nchi ya mbuzi, ya mtama, na ya jua lisilojua utani. Siku ya ukoo kwenda kuona boma la mkwe ilipofika, Gladwell, mkewe Kailemia, aliwagawa watu kwenye magari kama agawaye nyama ya harusi. Wazee na akina mama wangepanda gari la kukodi. Viazi, karoti na unga wa ngano vya zawadi vingepanda lori.

"Na mama," Gladwell akasema bila kumtazama mumewe, "atapanda mbele na wewe."

"Mama yupi?"

"Kwani mimi nina mama wangapi? Amesema mwenyewe. Magari madogo humtia kichefuchefu."

Kailemia alilelewa akijua kwamba mama mkwe ni muthoni: humtazami machoni, huketi naye ubao mmoja, na ukikutana naye njiani unampisha ungali mbali. Tangu amwoe Gladwell, maneno aliyokuwa amesemezana na Mukiri, mamake Gladwell, yangetosha kuandikwa nyuma ya stempu: habari za nyumbani, na asante kwa chai. Naye Mukiri, ambaye jina lake lina maana ya mnyamavu, hakuwahi kuonyesha kwamba anataka zaidi.

Waliondoka wakiwa na mpaka kati yao: kibuyu kikubwa cha uji wa kuchacha, kimezibwa kwa gunzi la mahindi. Upande mmoja wa mpaka aliketi Mukiri, na sweta mbili, koti la marehemu mumewe, na shali juu ya yote. Upande wa pili Kailemia, na suti ya sufu aliyofungia ndoa, tai, na koti refu. Hadi Meru mjini mambo yalikuwa matamu. Hadi Chuka hayakuwa mabaya. Walipovuka Mto Thuci, jasho la kwanza lilimtoka Kailemia kwenye nywele likamshuka shingoni polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

Angevua koti. Lakini mwanamume ataanzaje kuvua nguo mbele ya mama mkwe? Akateremsha kioo kidogo.

"Mama, labda kuna joto?" aliuliza, macho barabarani.

"Mimi? Mimi niko sawa kabisa, Baba Kiende. Labda wewe."

"Mimi naona kabaridi kidogo."

"Basi funga hicho kioo, usije ukashikwa na kifua," akasema Mukiri kwa upole.

Kailemia akafunga.

Waliiacha Embu mjini wakateremkia Mbeere, ambako hewa ya nje nayo ilikuwa imejiandaa kuwapokea. Hita, isiyojua kwamba wamehama mlima, iliendelea kuchapa kazi kwa uaminifu. Mukiri hakufungua kifungo hata kimoja. Midomo yake ilikuwa ikicheza, alikuwa anasali. Kailemia alianza kuona barabara mbili, akawa anafuata ile ya kushoto.

Wa kwanza kusema ukweli katika kebini ile ulikuwa uji. Joto liliuchachusha kupita kiasi, na kabla tu ya Kiritiri gunzi likafyatuka, likagonga paa, na uji ukaruka nyuma yake kama maji ya bomba lililopasuka. Tai, shali, dashibodi, kioo cha mbele: kila kitu kilipata fungu lake.

Kailemia akasimamisha lori pembeni. Uji ulidondoka kutoka juu, to, to, to.

"Baba Kiende," Mukiri akasema hatimaye, akijipangusa jicho, "hii hita huzimwa wapi?"

"Haizimwi, mama. Imekwama."

"Nilisikia unaipenda hivyo."

"Watu husema mengi."

"Ni wewe ulisema."

"Hata mimi ni mtu," akajibu Kailemia kwa unyonge.

Mukiri akashuka. Akavua koti la marehemu, akavua sweta ya kwanza, akavua ya pili, akazitundika mlangoni moja moja kama mtu aliyefika kwake. Kailemia, kwa adabu, aligeuka upande wa pili akatazama mbuzi.

"Vua na wewe," akaamrishwa. "Nimeshazika mume. Sitaki kuzika mkwe kwa sababu ya koti."

Ilibidi wangoje injini ipoe ndipo mkono upate kuifikia vali. Waliketi kwenye kivuli chembamba cha mgunga, wakitafuna karoti za zawadi, na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, wakazungumza. Ndipo Kailemia alipojua kwamba hakuna gari dogo lililowahi kumtia Mukiri kichefuchefu. Lori lile, kabla ya kuja mikononi mwake, lilikuwa la mumewe Mukiri, Mzee Kaimenyi.

"Miaka yote ile mbele walipanda wanaume," Mukiri alisema. "Wanunuzi. Mafundi. Hata mbwa wake alipanda mbele. Mimi nilipanda nyuma na viazi, nanyeshewa, nikisikia tu habari za hiyo hita. Nikasema, kabla sijafa nitapanda mbele nijue joto lake likoje."

Kailemia akavunja karoti nyingine. "Na sasa umelijua."

"Nimepewa langu lote kwa siku moja!" Akacheka, kicheko kipana chenye mikwaruzo, ambacho mkwewe hakuwahi kukisikia. Kailemia naye, baada ya kuangalia huku na huku kama kuna mtu wa ukoo, akacheka.

Injini ilipopoa aliinua boneti, akachomoa waya, akajaribu mkono wa vali. Ulikuwa umeganda kabisa. Kopo lake la mafuta ya kulegeza kutu lilibaki Timau. Mukiri akatia mkono kwenye kiondo, akatoa chupa ya dawa ya kuchulia magoti, yenye tapentaini na kafuri kali kiasi cha kumtoa nyoka shimoni.

"Jaribu hii. Magoti yangu yalikuwa mabaya kuliko hiyo."

Kailemia akatonesha penye shina la vali, akagonga polepole kwa mpini wa bisibisi, akangoja, akagonga tena. Mkono ukasogea kiasi cha unywele. Akarudishia waya. Sasa kazi ilikuwa ya watu wawili: mmoja ausaidie mkono wa vali kwa plaizi, mwingine akae ndani achezeshe kishikio. Mukiri akapanda, akaketi kwenye kiti cha dereva, akajinyoosha mgongo.

"Mama," Kailemia akaita kutoka chini ya boneti, "naomba, kama haitakuwa taabu, na kama uko tayari, uvute kidogo hicho..." Plaizi ikateleza, akajichuna vidole.

"Sema 'vuta'!" Mukiri akafoka. "Hadi umalize kuniheshimu, jua litakuwa limezama!"

"Vuta!"

"Navuta!"

"Sukuma!"

"Nasukuma! Wewe huko unafanya nini?"

"Vuta tena! Siyo hivyo, mama, kwa nguvu! Kwa nguvu nimesema!"

Mwanamke aliyekuwa akipita na punda wa maji alisimama. Aliona mwanamume mwenye uji kichwani akimfokea bibi kizee.

"Huyo ni mama yako?" aliuliza.

"Ni mama mkwe wangu," akajibu Kailemia bila kufikiri.

Mwanamke akashika mdomo, akampiga punda fimbo, na alipofika mbali kidogo akatoa simu.

Mara vali ikajiachia. Mkono ulizunguka hadi mwisho, ukarudi, ukazunguka tena. Kailemia aliufungua na kuufunga mara kadhaa zaidi ya ilivyohitajika, akaongeza maji kwenye rejeta, na safari ikaendelea, vioo vyote chini, upepo wa Mbeere ukiingia na vumbi lake.

Habari zilikuwa zimewatangulia. Kwenye lango la boma walisimama wazee wa Kiritiri na Wambeti, mamake Munyi, nyuso zimekazwa. Gladwell, aliyefika mapema, alimtazama mumewe: hana koti, tai ina uji, ananuka kafuri. Akatamani ardhi impokee.

"Tumepigiwa simu," mzee mmoja akaanza taratibu, "kwamba kuna mtu wa Meru huko barabarani anamfokea mama mkwe wake. Sisi hapa tunatoa binti na kupokea binti kwa heshima. Tungependa kujua kama ni kweli."

Mukiri akashuka, shali begani.

"Ni kweli," alisema. "Na alichelewa sana kuanza."

Wambeti ndiye aliyecheka kwanza, na baada ya hapo wazee hawakuwa na la kufanya ila kuchinja mbuzi.

Siku hizi, siku za soko, Mukiri hupanda mbele. Mkono wake hauondoki kwenye kishikio: akimpenda mtu aliyeomba lifti, hufungua, asipompenda, hufunga, na abiria huteremka Gakoromone akitetemeka. Kailemia hulalamika kwa sauti kwamba anapikwa, Mukiri humjibu kwa sauti kwamba ni mlegevu, na ubishi wao husikika hata lori likiwa halijaonekana. Gladwell, ambaye sasa huenda sokoni kwa matatu, alimwambia jirani yake kwamba tangu aolewe alimwomba Mungu mamake na mumewe wazoeane. Hakuwahi kumwomba, akasema, wazoeane kiasi hiki.