Timu Iliyoogopa Kupanda

Jumapili tarehe 13 Januari 2002, Léopold Kataliko aliifunga timu ya Mugunga bao kwa goti la kushoto. Lilikuwa bao pekee la siku hiyo, na baada yake Olympique Makoro ya mtaa wa Katoyi ilibakiza kushinda mechi moja tu ipande divizioni ya kwanza ya ligi ya mji wa Goma. Mechi hiyo ilipangwa Jumapili iliyofuata, dhidi ya timu ya Mapendo. Alhamisi ya katikati, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka. Lava ilishuka ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na miongoni mwa mengi iliyoyafunika ulikuwamo uwanja ambao mechi ingechezewa. Ligi haikupanga tarehe nyingine. Wachezaji wengi wa Mapendo hawakuwa tena na nyumba ya kuwekea viatu.

Kataliko alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Mwanzoni mwa 2025 alikuwa na arobaini na sita, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na kocha wa timu hiyohiyo, ambayo bado ilikuwa divizioni ya pili. Katikati ya miaka hiyo Makoro ilikuwa imefika mlangoni mara mbili zaidi. Novemba 2012, Kataliko akiwa kocha msaidizi, ilibaki mechi ya Jumapili. Waasi wakaingia mjini Jumanne kabla yake. Mei 2021, akiwa kocha mkuu, ilibaki tena mechi ya Jumapili. Jumamosi jioni mlima ukapasuka upya. Klabu nyingine za Goma zilipatwa na mambo hayohayo siku hizohizo, na zimeendelea kupanda na kushuka daraja kama kawaida. Katoyi jambo hilo halitajwi.

Kwa hiyo Jumamosi tarehe 18 Januari 2025, Makoro ilipokuwa tena imebakiza mechi moja, wapenzi wa timu walikuja kwenye salongo wengi kuliko kawaida. Salongo ni kazi ya pamoja, na ya Makoro ni ya kuokota mawe. Uwanja wao umekaa juu ya lava ya zamani, na kila mvua kubwa ikinyesha huchomoza mawe meusi mapya, kama taya la mtoto linaloota meno. Kabla ya mechi watu huinama pamoja na kuyatoa, na wakiwa wameinama hujadili mambo ya timu. Jambo likishindikana kwa maneno, hupigiwa kura kwa mawe hayohayo: anayekubali hutupa lake nyuma ya goli la kaskazini, anayekataa nyuma ya goli la kusini. Hivyo hata wabishi husafisha uwanja.

Swali la siku hiyo lilikuwa moja: Jumapili tarehe 26, timu icheze ili ishinde, au icheze tu?

Waasi walikwisha kuchukua Masisi, na upepo ukivuma kutoka upande wa mji mdogo wa Sake mlio wa mabomu ulifika mpaka uwanjani. Hategekimana, rais wa wapenzi, muuza maziwa mwenye kofia ya ngozi asiyoivua hata kanisani, alingoja mlio mmoja upite ndipo akasema.

“Sikieni. Mimi si mutu wa kuamini uchawi, niko Mukatoliki.” Kisha akaitaja miaka kwa Kifaransa, kama Goma nzima inavyoitaja. “Deux mille deux, mulima. Deux mille douze, waasi. Deux mille vingt et un, mulima. Sasa ni zamu ya nani?”

“Ya waasi,” sauti ikajibu kutoka nyuma.

“Si mimi nimesema.”

Mama Cibalonza, anayeongoza nyimbo za timu kwa sauti inayosikika hadi barabara ya Sake, alinyooka na jiwe mkononi. “Kwa hiyo, Papa Hategekimana, wale wakubwa wa waasi wako kule porini na redio kwa sikio, wanangojea matokeo ya Makoro?”

Watu walicheka.

“Kama sisi njo tunaleta vita, basi jeshi lituombe tushindwe kila Jumapili! Tushindwe hata mazoezi! Amani itarudi mpaka Beni!”

“Cheka, Mama. Ile mwaka ya mulima ulicheka vilevile, halafu ulivuka mpaka ukakimbilia Gisenyi na sufuria moja.”

“Ile sufuria ilikuwa na maharagi, na wewe ulikula!”

Ubishi uliendelea hivyo jua likipanda. Wengine walisema timu isiyotaka kupanda ifunge mlango, watu wakalime. Wengine walisema divizioni ya pili haijamuua mtu. Mmoja alipendekeza timu ipande bila kushinda, akaombwa aeleze, akashindwa.

Kataliko aliokota mawe kimya. Kwa miaka mingi alikuwa akiicheka hesabu ya Hategekimana mbele ya watu, na aliicheka kwa dhati. Ila msimu huu alikuwa na jambo ambalo mkewe, Wivine, ndiye peke yake aliyelijua. Kanuni za ligi zinadai kocha wa divizioni ya kwanza awe na diploma ya ukocha. Kataliko hana. Alichojifunza amejifunza kwa kucheza, na divizioni ya pili haikuwahi kumwomba karatasi. Makoro ikipanda, benchi aliyoichomelea kwa mikono yake angeikalia mtu mwingine, na yeye angesimama nyuma ya kamba kama mpenzi yeyote.

Angeweza kunyamaza. Hategekimana alikuwa anaelekea kushinda ubishi, na benchi ingebaki yake kwa hisani ya mlima. Lakini aliona aibu kuokolewa na kitu alichokuwa akikicheka. Tena kulikuwa na njia nyingine, na kadiri alivyoitazama ndivyo ilivyozidi kumpendeza: aseme ukweli, na watu hawa aliowapa ujana wake wakatae kupanda, si kwa hofu, bali kwa kumpenda. Tayari alikuwa ameanza kutafuta uso wa unyenyekevu wa kuvaa watakapoliita jina lake.

“Papa Léopold,” Mama Cibalonza akamwita, “wewe njo kocha na umenyamaza kama bwana arusi. Tunapanda ao hatupandi?”

Kataliko alifuta mikono kwenye suruali. “Bandugu, nitawaambia kitu. Kule juu, ligi inaomba kocha wa diploma. Mimi sina. Mukipanda, mutapanda bila mimi.”

Watu waliacha kuokota. Kataliko alilichukulia hilo kuwa huzuni.

“Bila wewe?” Hategekimana akauliza.

“Bila mimi.”

“Kabisa?”

“Kabisa.”

Muuza maziwa alitazama upande wa mlima, midomo yake ikicheza. “Deux mille deux, wewe ulikuwa unacheza.”

“Nilikuwa nacheza.”

“Na bao la Mugunga njo wewe ulifunga.”

“Njo mimi.”

“Na goti!” mtu akaongeza, kana kwamba goti linathibitisha jambo.

“Deux mille douze, ulikuwa kocha msaidizi. Vingt et un, kocha mukubwa.” Hategekimana alishusha pumzi, kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mfukoni. “Kumbe haikuwa timu.”

Kataliko alimgeukia Mama Cibalonza, akingoja kicheko. Mama Cibalonza aliligeuza jiwe mkononi mwake.

“Mimi sisemi kama ni kweli,” alisema. “Lakini kwa usalama tu.”

“Mama, sasa hivi ulikuwa unacheka!”

“Nilikuwa nacheka mambo ya timu, Papa. Timu ni watu wengi, utaitoa utaipeleka wapi? Mutu mumoja ni rahisi.” Kisha akaongeza kwa upole wa kweli: “Hatukufukuzi. Utakuja kwetu, kwa kamba. Utaimba.”

Ubishi uliokuwa umechukua asubuhi nzima uliisha hapo. Waliotaka kupanda walipata walichokitaka, na walioogopa kupanda hawakuwa tena na la kuogopa. Watu walipita mmoja mmoja wakatupa mawe nyuma ya goli la kaskazini, wengine wakitupa mawili kwa furaha. Kataliko alibaki na jiwe lake. Akatembea uwanja mzima hadi goli la kusini, akaliweka chini peke yake. Kwa mara ya kwanza alikuwa upande wa Hategekimana, na Hategekimana alikuwa ameshahama.

“Muone,” muuza maziwa aliwaambia wenzake kwa sauti ya chini, bila ubaya. “Hata yeye mwenyewe sasa anaamini.”

Waliamua tahadhari ianze mara moja. Mechi ya tarehe 26 ingeongozwa na Janvier Namegabe, mwalimu wa michezo wa shule moja ya sekondari, mwenye diploma na filimbi mbili.

Nyumbani Wivine alimsikiliza mumewe hadi mwisho, mikono yake ikiwa bado ndani ya maji ya kuoshea sombe, majani ya muhogo.

“Ulifikiri watafanya nini?”

“Nilifikiri watakataa.”

“Kupanda? Kwa ajili yako?”

“Wananijua miaka yote hii, Wivine.”

“Njo hiyo miaka walihesabu.” Alicheka, akaona mumewe hacheki, akampakulia chakula mapema kuliko wengine.

Mechi ya tarehe 26 haikuchezwa. Sake ilikuwa imeanguka siku chache kabla, kambi za wakimbizi za Mugunga zilikuwa zinamiminika mjini na magodoro kichwani, na asubuhi hiyo hakuna mwamuzi aliyetoka nyumbani kwake. Jumatatu waasi waliingia Goma. Mabomu yaliangukia mitaa ambayo haikuwa na askari wala siri yoyote. Katoyi ilizika watu wake wiki nzima. Mmoja wao alikuwa Munezero, mpiga ngoma wa Makoro, aliyeuawa akiwa ndani kwao.

Kwenye kilio cha Munezero, Hategekimana alikuja akakaa karibu na Kataliko. Kofia alikuwa ameivua. Kataliko aliona kichwa chake kwa mara ya kwanza, kidogo kuliko alivyodhani.

“Tulikosea, Papa Léopold,” alisema.

Kataliko alikuwa amelingoja neno hilo tangu Jumatatu. “Ndiyo,” akajibu.

“Tulikutoa kwa benchi, lakini tulikuacha mujini. Ilifaa tukuvushe Gisenyi.”

Kataliko alimgeukia akiwa na maneno makali tayari, akakuta macho ya mzee yamejaa maji. Hakuwa anatania, wala hakuwa anamlaumu. Kama kosa lilikuwa kumwacha Kataliko mjini, basi kulikuwa na kitu ambacho mtu wa Katoyi angeweza kufanya, na muuza maziwa hakuwa tayari kukiachia. Kataliko aliyameza maneno yake, akamsogezea mzee nafasi kwenye ubao wa kukalia.

Namegabe alipanda mashua ya Bukavu na familia yake wiki ile ile, na tangu hapo simu yake haipatikani. Ligi haijatangaza tarehe. Makoro bado inahitaji kushinda mechi moja, na wachezaji waliobaki wameomba wasikae bure. Hategekimana ameitisha wapenzi, wamezungumza kifupi, na hakuna aliyetaja miaka. Jumanne, saa kumi alasiri, mazoezi yanaanza tena, na Kataliko ndiye atakayeyaongoza.