Mwanangu Hakugusa Mpira

Video ile niliitazama Bomani, kwenye simu ya muuza mbolea, mara tatu mfululizo. Mwanangu wa mwisho alikuwa mwaka wa pili chuoni Marekani. Wafadhili walimpeleka kumalizia sekondari, kisha ukubwa wa mwili wake ukampatia nafasi ya chuo kwa kucheza mpira wao, ule wa kubeba mikononi na kuvaa kofia ngumu. Nilimtambua kwa mabega. Mchezo mzima hakugusa mpira. Kila wakianza aliinama, akagongana na mtu, wakasukumana, basi.

"Labda wamemweka ajaze uwanja," muuza mbolea alitania. Mimi sikucheka. Nilicheza namba tano shuleni, nikajiona mjuzi.

Tangu hapo nikawa namchunguza. Akipiga simu nilimuuliza amefunga mangapi. Akasema nafasi yake haifungi. Kazi yake ni kuzuia watu ili mwenzake arushe mpira. Wiki iliyofuata niliuliza kwa njia nyingine, kama askari anavyomhoji mtu aliyekutwa na ng'ombe wa wizi. Jibu halikubadilika, na hilo nalo nikalitilia shaka: amelikariri. Mwishowe nikamwambia, "Mura, kijana wangu, mchezaji asiyegusa mpira ni mtazamaji." Akaniaga kwa heshima. Kwenye kikao cha ukoo niliwaambia wazee kwamba kijana anatudanganya.

Simu zake zikawa fupi. Nikazihesabu kuwa ushahidi.

Mwaka uliofuata nilikwenda Ikoma kumtembelea binti yangu, mpishi wa hoteli ya watalii. Akamwonyesha mgeni mmoja, mzee wa Kimarekani, ile video kwenye simu yake. Mzee yule, kabla hajaambiwa mwanangu ni yupi, aliweka kidole juu yake, akamsifu. Binti alinitafsiria: watano husimama mbele ya mrushaji, na mmoja wao akianguka, mrushaji anavunjwa. Nilielewa papo hapo. Baba yangu alinisimulia kwamba ng'ombe walioporwa wakirudishwa huku adui akifuata nyuma, waliosifiwa nyumbani hawakuwa wale waliowaswaga, bali waliobaki nyuma na ngao.

Nikataka kumpigia simu saa ileile. Binti akanishika mkono.

"Baba, hachezi tena. Goti lilipasuka mwaka jana. Alikataa nikuambie. Alisema utadhani anajifanya."

Ningedhani hivyo kweli.

Alirudi na shahada yake na goti lenye kovu refu. Sasa yuko nami kijijini kwetu Nyansurura, anatunza ng'ombe. Jioni moja zizini nilimwomba anionyeshe alivyokuwa akiinama kabla mchezo haujaanza.

Akaniangalia sana. "Unataka kujua, tata, au bado unatafuta uongo?"

"Nataka kujua. Nilikukosea, hata mbele ya wazee. Nitawaambia."

Akasema goti haliruhusu.

Asubuhi nilimkuta amechuchumaa chini ya ng'ombe, anakamua, na goti limekunjwa mpaka mwisho. Swali la goti lilinifika mdomoni. Nikaliacha hapohapo, nikaenda kumletea kibuyu kingine.