Maji Usoni mwa Baba

Kabla yangu, hapa Kitale hakuna aliyepiga picha za maji zikatoka. Nalisema bila haya. Nilirudi kutoka Doha na diploma ya upigaji picha niliyojilipia mwenyewe kwa kufagia vyumba vya hoteli, nikafungua studio, na watu wakaja hata kutoka Endebess wapigwe picha maji yakiwapasukia usoni kama kioo. Siri yangu ilikuwa macho. Karibu kila mtu huyafumba maji yakimgonga, kwa hiyo nilimpiga picha kwanza akiwa mkavu, kisha nikayapandikiza macho yale kwenye picha ya maji kwa kompyuta.

Nilitaka studio ya pili, Bungoma mjini. Baba alikuwa na chumba kinachotazama barabara, na muuza mbolea mmoja alikuwa anakuja kukichukua Jumatatu. Jumamosi nilikwenda nyumbani Kabuchai kumwomba anipe mimi.

"Nipige hiyo ya maji," Baba akasema. "Ikitoka, chumba ni yako. Lakini mara moja tu. Mimi si mboga ya kuoshwaoshwa."

Nilitundika kitambaa cheusi sebuleni, nikamsimamisha Baba mbele yake, nikaweka flashi mbili nyuma ya mgongo wake na kuzipunguza nguvu, maana mwako mfupi ndio unaogandisha matone. Mama alisimama dirishani na jagi.

"Miaka yote hii nimengoja ruhusa," alisema.

"Mwaga, wacha maneno."

Nikahesabu hadi tatu. Maji yakaruka. Baba hakupepesa. Nilibaki nikiyatazama macho yake badala ya maji, na kidole kikachelewa. Kwenye kamera maji yalikuwa yameshaanguka. Yalibaki matone machache tu kidevuni.

"Imetoka?"

"Imetoka, Baba."

Nilijifungia chumbani na kompyuta. Nikachukua maji kutoka picha ya bibi harusi wa Kitale, nikayabandika usoni mwa Baba, nikalainisha kingo hadi mimi mwenyewe nikaamini. Kisha nikamwita; Mama akamfuata na kikombe chake cha chai.

Baba aliinama kuitazama, taulo begani.

"Haya maji ni ya nani?"

"Ni yako."

"Mama yako alisimama dirishani. Haya yanatoka mlangoni."

Mama aliweka kikombe chini polepole. Nilikiona chumba cha Bungoma kikijaa magunia ya mbolea.

"Nionyeshe yangu," Baba akasema.

Niliifungua ile iliyochelewa. Nywele zimelala, kidevu kinachuruzika, macho yamenikazia. Alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Asubuhi ya kutahiriwa nilipakwa matope mtoni, baridi hiyo wewe huijui. Nikasimama mbele ya watu wote, kisu ikakuja, sikupepesa. Hakukuwa na mtu wa picha." Akanyoosha kidole kwenye macho yake. "Ona. Hata saa hii sijapepesa. Si unaona?"

"Naona, Baba."

"Hii ndiyo utaweka mlangoni kwa studio. Ile ya uongo, toa. Toa nikiona."

Nikaifuta mbele yake. Akatoa funguo mfukoni, zikiwa bado na maji, akaziweka juu ya kompyuta yangu.

"Mtu wa mbolea nitamwambia mimi. Na ukinidanganya tena, mama yako bado ako na jagi."