Nilisubiri Aniulize Mara ya Pili

Mwanangu, wewe mgeni wa huku, shida zangu zilianza mwaka 1998, nikiwa na miaka ishirini na minne, nilipofika Toronto kutoka Bukavu. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo usitafute maneno matamu hapa. Mchana nilisafisha maofisi. Jumamosi nilipiga gitaa la besi kwenye baa moja ya mtaa wa Parkdale pamoja na Leroy, Mmarekani mweusi, mpiga piano wa jazi. Tulipatana kama ulimi na mate.

Nakumbuka jioni moja alinijia hata koti hajavua. "Kuna klabu Denmark wananitaka. Nimewaambia nakuja na mtu wa besi. Twende."

Moyo uliruka. Mdomo ukajibu, "Hapana ndugu, mimi nina kazi hapa."

Ndivyo tulivyolelewa. Ukikaribishwa, unakataa kwanza; mwenyeji anakushika mkono, anakubembeleza, ndipo unakubali kwa heshima. Leroy hakuyajua hayo. Alisikia hapana, akaelewa hapana. Wiki ile ile akapanda ndege.

Nikaenda kulalamika kwa Mama Sifa, mzee wa kanisa letu aliyetulisha sisi vijana tusio na wazazi huku.

"Leroy kaniacha, mama."

"Hakukuuliza?"

"Aliuliza mara moja tu."

Akaleta ugali na sombe, kisamvu cha kwetu. "Byamungu, karibu ule."

"Nimeshiba, mama," nikasema, na njaa inanikata.

"Sawa." Akafunika sahani, akairudisha jikoni. Aliporudi aliniambia, "Mtoto wa watu atajuaje njaa yako? Mficha uchi hazai. Usimchukie mtu kwa sababu ameamini neno lako."

Nikarudi kwangu na njaa yangu.

Leo Leroy ni mzee wa heshima Ulaya. Denmark, Ujerumani, Ufaransa, kote watu wanasimama na kumpigia makofi. Namwangalia kwenye simu. Wala simwonei wivu yeye kama ninavyomwonea yule Mdenishi mrefu anayesimama kando ya piano na besi, macho kafumba. Pale ni mahali pangu. Tena anachelewa kuingia kwenye wimbo. Wanasema kijicho ni ugonjwa. Basi mimi ni mgonjwa, na miaka haijanitibu.

Sasa sikiliza. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nyumbani kataa kwanza ukipenda, wanajua kukubembeleza. Huku ugenini, ukitaka kitu, sema ndiyo mara ya kwanza, hata kama sauti inatetemeka. Na wewe ukimwalika mtu wa kwetu, muulize mara mbili.

Mungu akupe mdomo unaoufuata moyo wako, na akuondolee mapema uchungu huu ninaozeeka nao.

Mimi nina nyumba North York, hapa hapa Toronto, imekwisha kulipwa. Nina kampuni ya usafi, magari mawili ya kazi, mke, watoto watatu wanaonijibu kwa Kiingereza. Nina pasipoti ya Kanada. Denmark sijafika.