Kibali cha Mihambo, Fundi wa Viti

Kila asubuhi Mihambo alichelewa kazini kwa sababu ya salamu. Kutoka mlango wetu wa Mountain View mpaka steji ya Waiyaki Way ni dakika nane. Yeye alitumia ishirini, maana hakuweza kumpita mtu bila kumwamkia, na akishamwamkia alisimama kungoja jibu.

"Umeamkaje, mzee Kiragu?" alimwuliza mlinzi wa ploti.

"Poa," Kiragu alijibu akitazama kando. Mwanzoni alidhani anaombwa kitu.

Mihambo alibaki amesimama. "Na mgongo?"

Basi Kiragu akazoea. Ikawa kila siku anasimulia mgongo wake, halafu mke wake aliye Murang'a, halafu mvua ya huko. Jirani mmoja akamwuliza mama yangu, "Wamucii, huyu bwana yako anatafuta kura?"

"Kura za nini," mama alisema. "Si raia."

Mihambo alitoka Tabora, Tanzania. Alikuja Nairobi mwaka wa 1998, mimi nikiwa na miaka minane. Hakunizaa, lakini nilianza kumwita Baba kabla mama hajaniambia nimwite hivyo. Baba yake alikuwa fundi wa reli, kazi yake kutengeneza viti vya mabehewa ya daraja la kwanza, na ndiye aliyemfundisha. Viti vya siku hizi hujazwa sponji basi. Vya zamani, kama vile vilivyo kwenye nyumba za Lavington, vina springi chini, na kila springi lazima ifungwe kwa kamba pamoja na wenzake, njia nane. Ukikosea njia moja kiti kinainama, na mgeni anateleza upande mmoja kama mtu mlevi.

Bwana Ngui, mwenye karakana ya viti pale Ngara, alimkuta Mihambo mjini Moshi akifanya kazi hiyo, akamwambia twende. Wateja wa Lavington walikuwa wanampelekea viti vya babu zao na yeye anavirudisha na sponji, wanamtukana.

Miaka ya kwanza Mihambo aliishi kwa muhuri wa mgeni. Kila baada ya miezi kadhaa alikwenda Namanga, akatoka Kenya, akanywa chai upande wa pili, akaingia tena. Muhuri ule ulimruhusu kukaa. Haukumruhusu kufanya kazi. Kwa hiyo mtu yeyote aliyevaa vizuri na kubeba faili akitokea karakanani, Mihambo alilala chini ya sofa na Ngui akamfunika kitambaa. Siku moja mteja alikaa kwenye sofa hiyo nusu saa akichagua rangi, na Mihambo yuko chini yake anazuia chafya.

Alipomwoa mama, mwaka wa 2001, kwa mkuu wa wilaya, na picha tukapiga, sote tulidhani mambo yamekwisha. Tulikwenda Nyayo House, kwenye ofisi ya uhamiaji, watatu. Mama alivaa kitenge cha harusi. Karani wa dirishani alisoma cheti cha ndoa mara mbili.

"Mama, ungekuwa wewe ndiye mgeni na mzee ndiye Mkenya, ningekupa fomu ya uraia sasa hivi. Lakini mume wa Mkenya? Hiyo fomu haiko."

"Kwani mimi ni Mkenya nusu?"

"Sheria sikuandika mimi, mama."

Lakini alikuwa mtu mzuri, akatueleza njia zilizobaki. Kuna kibali cha mfanyabiashara, lakini uonyeshe mtaji. Kuna kile cha mtu mwenye mapato yake kutoka nje, anayeahidi hatafanya kazi yoyote.

Mihambo aliinama karibu na kioo. "Kumbe kipo kibali cha kukaa bure?"

"Kipo, mzee. Lakini uwe na pesa za kutosha kukaa bure."

Walicheka wote wawili, mama hakucheka. Ya mwisho ilikuwa kibali cha kuajiriwa. Mwajiri aandike kwamba kazi hii amekosa Mkenya wa kuifanya, na aandike pia jina la Mkenya atakayefundishwa ili siku moja aichukue.

"Yaani nimfundishe mtu wa kunitoa," Mihambo alisema tukiwa kwenye ngazi.

Ilichukua muda Ngui kukubali, kwa sababu ya gharama. Mwaka wa 2004 kibali kikatoka, cha miaka miwili. Jina lililoandikwa lilikuwa Maxwell, kijana wa Mumias aliyekuwa anapiga gundi pale karakanani. Alikuwa na mke, Valarie, na mtoto wa kike.

"Sasa wewe fundisha polepole," Ngui alimwambia Mihambo. "Miaka miwili ikiisha tunasema bado anajifunza, tunaomba mingine. Hivyo hivyo mpaka uzeeke."

Mimi niliacha shule darasa la sita kwa sababu nyanya, mama yake mama, alipooza mguu na mkono, na mama ana kibanda cha mboga Kangemi. Lakini mchana nyanya akilala nilipeleka chakula Ngara, nikakaa kidogo. Kwa hiyo niliona. Mihambo hakujua kufundisha polepole. Siku ya kwanza alimfunga Maxwell macho kwa kipande cha kitambaa, akamwambia aguse kamba aseme ipi imelegea.

"Fundi, mimi si kipofu."

"Macho yanakudanganya. Kidole hakidanganyi. Haya, ipi?"

"Hii."

"Hiyo ni shati langu, bwana we."

Mwaka wa kwanza Maxwell alifungua usiku kile alichofunga mchana. Mwaka wa pili Mihambo akawa anapita nyuma yake bila kusema kitu, na mwanafunzi wa Mihambo asiposemwa, anajua ameweza. Lilikuwa limebaki neno moja tu. Kwao Tabora, fundi akikuambia mbele za watu kwamba umehitimu, unalipwa kama fundi, na unaweza kwenda popote ukataja jina lake. Kabla ya hapo wewe ni mwanafunzi, hata ukiwa na mvi. Maxwell alikuwa bado analipwa mshahara wa gundi. Valarie alikuwa akija Ijumaa, anasimama mlangoni na mtoto, anamwangalia Mihambo.

Kibali kilikuwa kinaisha Oktoba 2006. Mwezi wa nane barua ilikuja: afisa wa uhamiaji atafika kuona kazi na kumwona huyo anayefundishwa. Ngui alituita wote, hata mama alifunga kibanda.

"Maxwell, siku hiyo unavaa ovaroli ile mbaya. Unashika ufagio. Ukiulizwa, bado. Tumeelewana?"

"Sawa, mkubwa."

"Na usiguse springi. Ukiona springi, ogopa kama nyoka."

Watu walicheka. Mama alimshika Maxwell mkono. "Mwanangu, miaka miwili tu. Nisaidie hapo."

"Mama Kui," alisema, akimwita kwa jina langu, "usijali. Fundi ni kama baba yangu."

Mihambo alikuwa anakunja kamba. Aliendelea kukunja, nami nikafikiri amekubali.

Afisa alikuja siku ya Jumatano saa sita, mwanamke mnene mpole, anaitwa Bi Nanjala. Nilikuwa nimeleta chakula, nikarudi nyuma kwenye magunia. Alisalimia kila mtu, akaomba maji. Alionyeshwa viti viwili vya Lavington, vya mama mmoja mzee ambaye anavitaka kabla ya Krismasi. Aliviinua, akatazama chini, zile kamba zimepangika kama utando wa buibui.

"Hii ni kazi," alisema. "Nani alifunga?"

"Mihambo," Ngui alisema haraka. "Vyote viwili."

Bi Nanjala aliandika. Halafu akamwita Maxwell. Alikuja na ovaroli yake na ufagio wake.

"Miaka miwili unafundishwa hii kazi. Unaweza kufunga kama hivi?"

"Hapana, madam."

"Hata kidogo?"

"Mimi nashika nyundo tu, madam. Napaka gundi. Kichwa yangu ni ngumu." Akacheka, akajigonga kichwa kwa mpini wa ufagio. "Fundi amejaribu na mimi mpaka akachoka."

Kila mtu alicheka, hata Bi Nanjala alitabasamu. Mlangoni alisimama Valarie na mtoto, ingawa haikuwa Ijumaa. Hakucheka. Alimgeuza mtoto akaangalia barabara, kama vile hataki amwone baba yake.

Nilimwona Mihambo akiwaona. Aliweka kamba chini.

"Mama," alimwambia afisa, "huyu anasema uongo."

Ngui alikohoa. "Mzee anatania."

"Sitanii. Kiti cha kulia nimefunga mimi. Cha kushoto amefunga Maxwell, peke yake, na mimi sikugusa. Ukiwa na macho mazuri utaona cha kwake kimekaza kuliko changu, vidole vyangu vimeanza kuchoka."

Nje mtu aliuza maji, tukamsikia mpaka akapotea. Bi Nanjala alitazama karatasi yake, akamtazama Mihambo muda mrefu. Nafikiri alikuwa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, na aliona lililokuwa linafanyika.

"Mzee, mimi nimeuliza huyu kijana, na nimeandika alichosema. Kalamu yangu imeshafika mwisho wa mstari. Nikuulize wewe kitu, ama niende?"

Alikuwa amemfungulia mlango. Hata mimi niliuona.

"Niulize," Mihambo alisema.

Bi Nanjala akafunga macho kidogo. "Huyu Mkenya amejua kazi yako?"

"Ameijua. Maxwell amehitimu. Nasema mbele ya Bwana Ngui, mbele ya mke wake, mbele yako. Popote aendapo kuomba kazi, ataje jina langu."

Maxwell aliangusha ufagio. Hakuuokota. Bi Nanjala alikata mstari mmoja, akaandika mwingine juu yake, akafunga faili. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Pole, mzee," na nilijua alimaanisha.

Barua ilifika wiki tatu baadaye. Kibali hakitaongezwa, kwa kuwa yupo Mkenya mwenye ujuzi. Ilikuwa barua fupi na ya adabu.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Usiku huo alikuwa anamlisha nyanya uji, na mgongo wake kwa Mihambo.

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema. Bado. Hata mtoto anaweza kusema bado."

"Wamucii, ningesema, ningekuwa nakaa hapa juu ya mgongo wa yule kijana."

"Na sasa utakaa wapi?"

Nyanya alikuwa anasikia kila kitu, uji unamtoka pembeni mwa mdomo, mama anaufuta.

Jumapili Maxwell alikuja nyumbani na viatu vimepigwa rangi. Ngui alikuwa amempa mshahara wa fundi, ilibidi, hakuwa na mwingine. Alikataa kukaa.

"Fundi, mi sikukuomba. Ningengoja."

"Ungengoja mpaka lini?"

"Mpaka popote. Sasa Mama Kui ananiangalia kama mwizi."

"Atakuangalia hivyo muda kidogo," Mihambo alisema. "Vumilia. Na mkanda wa kile kiti kirefu uvute kabla hujapiga msumari, unausahau."

Ngui naye alileta shauri. Mihambo aende Namanga kama zamani, arudi na muhuri wa mgeni, afanye kazi kwenye stoo ya nyuma, mlango umefungwa. Mama aliushika ushauri huo kwa mikono miwili. Kwa siku mbili Mihambo aliufikiria, nilimwona, anakaa na chai mpaka inapoa. Siku ya tatu akasema hapana. Alisema ana miaka hamsini na moja, na hawezi tena kulala chini ya sofa. Alisema Tabora kuna nyumba ya baba yake, na sheria ya kwao haina shida na mke mgeni, twende wote.

"Na huyu nimwache na nani?" mama aliuliza, akionyesha kitanda cha nyanya.

"Tumbebe."

"Umbebe mpaka Tabora? Mtu ambaye kumgeuza tu tunakuwa wawili?"

Yeye alikuwa na haki, na mama alikuwa na haki. Mimi nimewaza jambo hili mara nyingi na sijapata mahali pa kumtia mtu lawama. Mtu akisema ukweli hulipa gharama, hilo nililijua, lakini sikujua kwamba hata walio nyumbani huilipa.

Aliondoka Jumanne, siku nne kabla ya kibali kuisha, kwa sababu hakutaka kuisubiri ile siku yenyewe. Alisema anakwenda kuangalia nyumba ya baba yake, halafu atatafuta ule mtaji wa kibali cha mfanyabiashara, halafu atarudi. Alisema kama mtu anayesoma orodha. Mama alikuwa jikoni anakatakata sukuma wiki ya kibandani, nyingi kuliko tulivyozoea kuuza.

"Chai iko kwa thamosi," mama alisema bila kuinua kichwa.

Aliinywa amesimama. Akaosha kikombe mwenyewe, akakifunika kwenye sinia. Akaingia chumbani kwa nyanya, akakaa humo kidogo, akatoka. Mimi aliniwekea mkono kichwani. Mkono wake ulikuwa mgumu kama ubao.

"Basi, Wamucii."

"Haya."

Alichukua begi akatoka. Nilimwangalia mama. Midomo yake ilifunguka, nikadhani atamwita, na naamini angemwita yeye angegeuka. Lakini kisu kiliendelea, na majani yakaendelea kuanguka kwenye karai, membamba kabisa. Nilisikia geti likifunguliwa. Nilisikia likifungwa, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Sukuma wiki ile tuliiuza siku mbili. Mihambo hajarudi.