Inchi Mbili za Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Futi kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni, labda akienda kuoga. Ndiye aliyenilea na kunisomesha hadi nikawa mwalimu wa hesabu. Chuo cha ufundi kilipotafuta mwalimu wa ushonaji, kilimwambia kazi ni yake kwa masharti mawili: afaulu mtihani wa hesabu, kisha akate nguo mbele ya mkuu wa chuo. La pili lilimchekesha. La kwanza alikuwa ameshalifeli mara mbili, na jaribio la tatu ndilo lilikuwa nafasi ya mwisho.

Mzigo huo nikajitwika mimi. Tulianza na fanksheni, zile kanuni za hesabu zinazochorwa kwenye grafu, nikijua hapo ndipo atakaponitoa jasho. Nikamweleza kwamba karatasi ukiikunja kwenye mstari wa wima na pande mbili za mchoro zikalaliana, hiyo ni shufwa. Ukiizungusha juu ikawa chini na mchoro ukabaki vilevile, hiyo ni witiri. Alikunja kama anavyokunja kitambaa cha shati, akageuza, akajibu maswali yote kumi bila kukosea. Wanafunzi wangu huchukua wiki tatu.

Nikampa milinganyo, ile rahisi kabisa. Mbili mara x, jumlisha tano, ni kumi na tisa. Alitoa tano pande zote, akagawa kwa mbili, hatua zote safi, kisha akaandika tisa badala ya saba. Wa pili jibu ni nne, kaandika sita. Nilipofika wa kumi nikarudi kukagua upya: kila jibu lilizidi kwa mbili kamili.

"Shangazi, hizi mbili zinatoka wapi?"

Aliitazama karatasi, akashika mdomo. "Za mshono," alisema.

Miaka ishirini na sita mkono wake ulikuwa ukiongeza inchi mbili za kushonea kwenye kila kipimo, ili nguo isibane, na sasa ulikuwa unaongeza wenyewe.

Kwa miezi mitatu sikumpa nafasi ya kupumua. Kila alipoinua kalamu niligonga meza: usiongeze kitu, jibu ni jibu. Nilikuwa mkali, nakiri. Nilimgombeza mtu aliyekuwa akinifunga vifungo vya sare. Akafaulu, tena kwa alama za juu, nami nikalia mbele za watu.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza chuoni. Mkuu, mama mmoja mpole, alimkabidhi karatasi ya vipimo vya msichana mmoja na kitambaa cha koti. Shangazi alikunja, akachora kwa chaki, akakata bila kusita. Mimi natabasamu tu. Kisha akaunganisha vipande kwa pini, akamvisha yule msichana, na koti likagoma kufunga kifuani.

Mkuu alipima kipande kimoja, akarudia, akasema taratibu kwamba anasikitika, watamtafuta mtu mwingine.

Shangazi aliuvua utepe shingoni, akaukunja, akanipa nishike.

"Sikuongeza kitu, mwanangu," alisema. "Kama ulivyonifundisha."