Kwa nini mjukuu wangu alibadilisha jina mgongoni mwa jezi (mnaosema ni umri, someni hapa)

Hamjambo wakuu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni bibi wa Kalemie, upande wa Kongo. Nilisoma kwa masista kidogo tu, nikatolewa ili nilee wadogo zangu. Kiswahili changu ni cha hapa ziwani, na kingine nilikiokota Kigoma nilipokuwa napeleka mawese. Mkikuta kosa, piteni nalo.

Humu huwa nasoma tu, siandiki. Niliingia kwa sababu ya mchezaji mmoja, winga wa kushoto, Mkongo, anacheza kwenye ligi yenu ya Tanzania. Msimu uliopita mgongoni aliandikwa Kasongwe. Msimu huu ameandikwa Lumbanga.

Nimesoma mliyoandika. Mmoja anasema kijana kapunguza umri. Mwingine anasema mganga alimwambia abadilishe jina ili magoli yaje. Kuna aliyeandika kwamba Kasongwe mwenyewe alikufa zamani, huyu anatembea na karatasi za marehemu. Watu wakacheka, wakaweka vikatuni.

Sasa nasikia viongozi wa timu wamemwita ajieleze, na yeye hajielezi. Anajibu tu kwamba ni mambo ya nyumbani.

Wakuu, hiyo nyumbani ni kwangu. Mimi njo, yaani ndiye, bibi yake, mzaa mama. Hajielezi kwa sababu ananifichia mimi.

Nitasema kama ilivyokuwa, na sitajipamba.

Kwetu tunamwita Benja. Mama yake ni binti yangu Marceline. Alienda Nyunzu kuuza vitenge, huko kwenye reli, akapendana na kijana anaitwa Lumbanga. Lumbanga alikuwa Mutwa.

Kwa msiojua: Batwa ni wale wazungu wanaita pigme. Walikuwa kwenye hii nchi kabla yetu. Tunaishi nao, tunanunua asali yao, wanatulimia mashamba. Lakini kuoana nao, hapana. Na wengi wetu hatunywi kikombe kimoja nao. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nilimuona mama yangu akifanya hivyo, na mimi nikafanya.

Lumbanga alikuja kwangu na wakubwa wake na mbuzi, kama mkwe yeyote. Suruali imepigwa pasi. Alisalimia vizuri kuliko wakwe zangu wengine wote.

Mbuzi nilizikataa.

Kwetu mahari isipopokelewa, mtoto anabaki upande wa mama. Nilijua nilichokuwa nafanya. Benja alipozaliwa akapewa jina la marehemu mume wangu, Kasongwe. Watu wa mtaani wakaona ni mtoto wetu, baba hajulikani, basi. Baba hajulikani niliiona afadhali kuliko baba Mutwa. Someni tena hapo, nami nimeisoma mara nyingi.

Marceline aliolewa Manono, mtoto nikabaki naye mimi.

Wakati wa kiangazi nilimruhusu aende Nyunzu kwa mama ya baba yake, Mama Feza. Mpira alijifunzia huko, si kwangu. Alicheza na watoto wa baba zake wadogo pembeni ya reli, kwenye kokoto, ndiyo maana hadi leo anagusa mpira kidogo kidogo kama unamuunguza mguu. Kocha wenu alisema kwenye redio kwamba ni kipaji cha kuzaliwa. Nilisikia, nikanyamaza.

Kila akirudi nilimwambia: shuleni usiseme ulikuwa kwa nani. Akasema ndiyo, Koko. Koko ni bibi.

Halafu ikaja vita ya Bantu, ndio sisi, na Batwa. Pande zote mbili walizika watu. Lumbanga alikufa humo. Ndugu zetu walikimbilia Kalemie, wengine wakalala uani kwangu, na jioni kwenye chakula walikuwa wanawatukana Batwa matusi ambayo siwezi kuandika. Walikuwa na uchungu wao, siwalaumu. Lakini Benja alikuwa amekaa hapo hapo, baba yake amekufa juzi, anakula anatazama sahani. Mimi nikasema ongezeni ugali.

Hakulia mbele ya watu. Alilia uwanjani, alikuwa anakimbia peke yake hadi anatapika.

Yaliyofuata mnayajua. Ekipe, timu ya hapa, kisha watu wa Lubumbashi wakamuona, kisha kontra, mkataba wa kwenu. Ni mfupi, mnasema ana kituo cha chini cha uzito, sijui ni nini hicho. Mimi najua amefanana na baba yake, kifua na miguu, hata kucheka. Watu wa Kalemie wakiniambia kijana amefanana na marehemu Kasongwe, nilikuwa naitika. Mume wangu alikuwa mrefu kama mlingoti.

Nilivimba kichwa, wakuu. Kanisani nilihamia benchi la mbele. Sokoni niliitwa Koko ya Vedeti, bibi wa nyota, nikaitika na hiyo.

Ligi ilipoisha alikuja likizo. Nikafanya karamu. Turubai uani, viti vya kukodi, mchungaji, wazee wa mtaa, akina mama wa kwaya. Samaki, mikebuka ya kukaanga, kuku, sombe ya majani ya muhogo.

Benja alikuwa amemwalika Mama Feza bila kuniuliza. Na kwa nini aniulize. Alifika kwa pikipiki, mama mzee kuliko mimi, vumbi mpaka kwenye nyusi, amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na gundi.

Nilimpokea vizuri, kwa macho ya watu. Nikampeleka nyuma jikoni, nikamtandikia mkeka, nikamwambia hapa kuna kivuli. Nikampa maji kwenye kikombe cha plastiki ambacho hatutumii. Akakipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amezoea, na hilo njo linaniuma.

Benja akamtafuta chini ya turubai, hakumuona. Akaja nyuma. Akaangalia mkeka, akaangalia kikombe, akaniangalia mimi. Kisha akarudi, akabeba sahani yake, akaja kukaa chini pale pale kwenye mkeka na jezi yake mpya nyeupe.

Sasa wageni wote shingo zimegeukia jikoni. Jirani yangu Papa Léon, mtu wa mzaha, akasema mumuache, mupira ya Watanzania imemuchokesha, anatafuta fasi ya kulala. Watu wakacheka. Kisha akaniuliza kwa sauti:

«Mama Kasongwe, na ule mama ni nani?»

Benja akaacha kutafuna. Alinitazama kama anavyotazama mtu atakayempa pasi. Alikuwa anangoja mimi niseme.

Nikasema:

«Ni mama moja wa Nyunzu. Anatuuzishaka muhogo.»

Mama Feza alisikia. Alikuwa karibu kama mimi na hii simu. Angeweza kusimama na kunivua nguo pale mbele ya mchungaji. Akainamisha kichwa, akasema kwa upole, ili watu wasikie:

«Ndiyo, Papa. Mimi nauzishaka muhogo.»

Aliniokoa, wakuu. Mwanamke niliyemkatalia mbuzi za mtoto wake ndiye aliyenifunika aibu yangu. Ningependa anitukane.

Karamu iliendelea. Watu walikula, wakacheza. Mimi nilikuwa nagawa soda.

Asubuhi yake Benja alifunga mzigo. Akampandisha Mama Feza kwenye pikipiki, kisha akarudi mlangoni. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na siku ile pia hakupandisha.

Alisema: «Koko, sikukasirikii juu ya muhogo. Wewe ulinilea, ulinisomesha, nitakutunza mpaka ufe. Lakini kulala kwako nitarudia siku utasema mbele ya watu mimi ni mutoto wa nani.»

Nikamwambia, unataka mashabiki wakuzomee? Wakuite nyani uwanjani?

Akanijibu: «Wanaweza kuniita. Mimi nilizoea hapa nyumbani.»

Likizo yote akaimalizia Nyunzu. Msimu ukaanza, nikawasha televisheni na majirani wamejaa sebuleni, nikaona mgongo umeandikwa Lumbanga. Papa Léon akauliza Lumbanga ni nani. Nikasema labda wamekosea kuandika.

Mnaona? Hata baada ya yale yote.

Basi jibu lenu ni hili. Hakupunguza umri. Alizaliwa hospitali ya Nyunzu, mimi nilikuwa nje ya mlango nasubiri, na niliomba Mungu asifanane na baba yake. Hakuna mganga. Hakuna karatasi za marehemu, Kasongwe ni jina la mume wangu tu. Lumbanga ni baba yake, Mutwa wa Nyunzu, aliyekuja kwangu na adabu nikamrudisha na mbuzi zake. Benja ni mtoto wa Mutwa na ni mjukuu wangu. Viongozi wa timu wakisoma humu, wajue kijana ni msafi, uchafu ulikuwa kwangu.

Niliyojifunza ni machache. Nilidhani nalinda mtoto asionewe. Aliyemuonea wa kwanza nilikuwa mimi, na nilimuonea kwa kunyamaza, huku nampikia.

Msinipongeze. Haya nimeyaandika kwenu kwanza kwa sababu hamnioni uso. Papa Léon bado sijamwambia. Jumapili nitaomba mchungaji anipe nafasi baada ya matangazo, nisimame niseme, na mpaka sasa nikifikiria nafika tu pale kwenye neno «Mutwa», narudi kuanza upya.

Simu yangu huwa anaipokea. Ananiuliza dawa za presha, ananiuliza kama nimekula. Hajaniuliza kama nimesema.

Mwenye bibi aliyewahi kufanya kama mimi, aandike hapa mlimfanyia nini. Mwenye matusi alete, mimi nitayasoma yote polepole kama ninavyosoma kila kitu. Ila mtoto mwacheni acheze.